Bei ya Ukutani

Kila asubuhi nilinunua sambusa mbili kwa Zaituni, nje ya geti la kiwanda, na kila asubuhi nilionewa. Zaituni mwenyewe hakuwa na kosa. Aligeuza tu simu yake kunielekea, simu ikanitazama usoni, ikakumbuka kwamba jana sikula chakula cha jioni na kwamba mshahara wangu umeshaingia, ikatamka kwa adabu, "Mia tisa." Kisha Nakijwa akasogea mbele. Sambusa zile zile, karai lile lile, simu ile ile ikamwambia, "Mia sita."

"Sura yako inakuchongea, mtani," Nakijwa akaniambia huku anatafuna. "Njoo ujifunze kwetu. Mpare akiwa na njaa, hata tumbo lake halipewi taarifa."

"Mpare akiwa na njaa anamshtaki aliyeshiba," nikamjibu.

Mimi ni Aikande Urio, Mchaga wa Machame. Nakijwa Mrutu ni Mpare wa Suji, huko juu milimani. Wachaga na Wapare ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo alikuwa na haki ya kunisema mbele za watu na mimi sikuwa na ruhusa ya kununa, na mimi vivyo hivyo kwake. Yeye ndiye aliyeanzisha kiwanda na ndiye mhandisi wake mkuu. Mimi nilikuwa mhasibu mkuu. Bila utani tungekuwa tumeshapelekana mahakamani, na huko angenishinda, maana kwao mahakama ni kama kwetu baa.

Miaka hiyo bei ya uso ilikuwa imeenea nchi nzima. Dukani, hospitali, stendi, kila chombo cha kuuzia kilimpima mnunuzi kabla ya kumtajia bei: anahitaji kiasi gani, ana haraka kiasi gani, atavumilia mpaka wapi. Watoto waliozaliwa baada ya mfumo ule hawakujua kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa na bei moja. Na watu wazima tulizoea kutoulizana kalipa ngapi, kama tusivyoulizana mambo ya chumbani.

Ndiyo maana ukuta wetu ulikuwa kivutio. Kiwanda kilikuwa katika ghala la zamani la mkonge pale Makanya, na ukuta wake mrefu uliitazama barabara kuu. Siku ya ufunguzi Nakijwa alipanda ngazi mwenyewe, akachovya brashi kwenye rangi ya bluu, akaandika kwa herufi zilizolala upande: DIGIDIGI. MILIONI TISA. BEI MOJA KWA WOTE. Wasafiri walisimamisha magari wakapiga picha. Wengine walidhani ni tangazo la mchezo wa kuigiza.

Digidigi lilikuwa gari letu la umeme, dogo, lenye viti vitatu mbele na bodi fupi nyuma inayobeba tani moja, lililoundwa kupanda milima ya Upare bila kuhema. Nilikuwa nalipenda gari lile. Nalisema hili mapema ili nisije nikaonekana mtu wa namba peke yake.

*

Jumatatu ile nilimkuta Nakijwa kwenye kidirisha cha tanuri, amevaa miwani yake myeusi. Nikamwambia aivue, maana nilikuwa na jambo la kumwambia nikimwona macho.

"Digidigi moja sasa inatugharimu milioni kumi na nusu," nikasema. "Tunaiuza tisa. Kila mteja tunayemkabidhi ufunguo anatusogeza kaburini, tena anatushukuru."

"Mkonge umepanda?"

"Mkonge haujapanda. Chumvi haijapanda. Ni hili tanuri lako."

Betri zetu hazikuwa na madini ya kugombaniwa. Tulichukua makapi ya mkonge, yale yanayobaki nyuzi zikishatolewa, tukayakausha, tukayachoma kwenye tanuri lisiloingiza hewa mpaka yakawa kaboni ngumu, tukayaoanisha na chumvi. Makapi na chumvi, vitu vya bure na vya karibu bure. Gharama yote ilikuwa moto. Na tanuri lile lilikuwa na tabia moja mbaya: likipoa, matofali yake yanapasuka, na kulijenga upya ni kazi ya nusu mwaka. Kwa hiyo halikuzimwa, Krismasi wala Idi.

Sasa, wauzaji wa umeme nao waliuza kwa bei ya uso, na uso wa kiwanda ni mita. Mita ilikuwa imetutazama mwaka mzima. Ikapandisha bei kidogo, sisi hatukuzima. Ikapandisha tena, hatukuzima. Ikajua kwamba hatuwezi kuzima, na tangu hapo ikawa inapandisha kila mwezi bila haya.

"Wateja mia nne wameshatoa kianzio," nikaendelea. "Wote tumewaahidi tisa. Wenye mtaji wao wanasema mwisho wa mwezi wanataka jibu: ama tupandishe, ama tufunge. Na tukifunga, watu mia na themanini wanarudi nyumbani, wewe na mimi tukiwemo."

Nakijwa akageukia kidirisha cha tanuri. Akazungumza taratibu. "Nikipandisha kwa wote, nimevunja kauli kwa wote."

"Si lazima iwe kwa wote. Ndiyo maana nimekodi Kadirio."

Akaniangalia kama niliyemwambia nimeleta chatu ofisini.

"Nilikuambia Alhamisi," nikasema. "Ulikuwa umeingiza kichwa ndani ya mtambo wa kukausha. Ulisema 'sawa'."

"Nilikuwa namwambia fundi."

Kadirio ilikuwa mashine ya kupangia bei, ile ile inayokaa ndani ya simu ya Zaituni, ila hii ilikuwa ya daraja la viwanda na ilikuwa na sauti ya mwanamke mpole, kama wale wanaotangaza misiba redioni. Ilikuwa imeshafanya jaribio. Iliwatumia wateja wote ujumbe: gharama zimepanda, je, ungekuwa tayari kulipa milioni kumi na tano? Kisha ikasikiliza nani analalamika na nani ananyamaza.

Nikaiwasha. Ramani ya wilaya ikatokea ukutani, na nukta nyekundu zikajaa juu ya milima kama upele.

"Hawa mia na ishirini ni wavumilivu," ikasema Kadirio. "Hawakulalamika. Watozeni kumi na tano kila mmoja, kimyakimya. Wengine wote wabaki na tisa. Maandishi ya ukutani hayahitaji kuguswa. Kiwanda kitapona."

Nilikuwa nimepiga hesabu ile mara tatu na ilitoka. Namba inapotoka sawasawa mimi husikia raha mwilini, sioni aibu kusema. Nikamgeukia mtani wangu nikitegemea angalau aniite shetani.

Alikuwa ameisogelea ramani mpaka pua inakaribia ukuta. "Hii ni Suji," akasema. "Hii ni Tae. Hii ni Chome. Mashine yako inasema watu wa Suji hawalalamiki?"

"Inasema hawakujibu neno."

"Aikande. Huko kuna koo mbili zimekaa mahakamani miaka kumi na moja kwa ajili ya mti wa parachichi. Mti ulishakufa, kesi inaendelea." Akageuka. "Ujumbe mliutuma lini?"

"Ijumaa, jua linazama. Jaribio likafungwa Jumamosi wakati kama huo. Kadirio inasema aliyepokea habari ya bei akakaa siku nzima bila kulalamika, halalamiki tena."

Nakijwa akaketi sakafuni. Nilidhani ameishiwa nguvu, kumbe ni kicheko, kile cha kukosa sauti, machozi yakimtoka. "Jumamosi," alisema alipoweza. "Mtani wangu Mlutheri. Jumamosi."

Ndipo nami nikakumbuka. Suji na vijiji vyake ni Wasabato tangu wamisionari wa kwanza. Jua likizama Ijumaa, simu inaingia kabatini pamoja na jembe na sufuria, na haitoki mpaka Jumamosi jua lizame tena. Watu wale hawakuwa wamevumilia chochote. Walikuwa kanisani. Mashine ya daraja la viwanda, pamoja na mhasibu wake mwenye shahada mbili, tulikuwa tumechukulia sala kuwa ni ridhaa, tukawachagua watu wapenda kesi kuliko wote nchini kwamba ndio wa kuwadhulumu kimyakimya.

Nikafungua majibu yaliyoingia baada ya jaribio kufungwa. Yalikuwa mengi. La kwanza lilitoka kwa Mzee Mchome wa Suji, na lilianza na jina la wakili wake.

*

Kosa nililirekebisha kabla ya chakula cha mchana. Nikaiambia Kadirio isipime tena kwa ukimya. Ipime kwa kila inachokijua juu ya mtu, safari zake, kazi yake, afya ya watu wake. Haikuchukua muda hata wa kumaliza chai.

Safari hii nukta hazikurundikana. Zilitawanyika wilaya nzima, moja huku, mbili kule, na Nakijwa akauliza ya kwanza ni nani.

"Namsifu Kateri, mkunga wa Tae," ikasema ile sauti ya upole. "Ana wajawazito katika vijiji vitatu na hana usafiri mwingine. Atalipa milioni kumi na tano. Atauza shamba lake la bondeni. Hatalalamika."

"Wa pili?"

"Mwanaume wa Hedaru. Mke wake husafishwa damu mara tatu kwa wiki hospitalini Same. Atalipa hata kumi na saba."

Nakijwa hakuuliza wa tatu. Nami sikutaka asikie. Mara ya kwanza mashine ilikosea tukacheka. Mara hii haikukosea, na hilo ndilo lililonitia baridi. Wavumilivu wake walikuwa watu wasio na pa kwenda. Ilikuwa inatafuta tanuri zisizoweza kuzimwa.

Lakini mimi ni mhasibu, na kuogopa si hoja. Nikamwambia Nakijwa ukweli ulivyokuwa. "Mkunga mmoja akiuza shamba, familia mia na themanini zinakula. Nani kati yao utamwambia arudi nyumbani kwa sababu ya shamba la Namsifu?"

"Na Namsifu akiuliza kwa nini yeye?"

"Hatauliza. Hajui mwenzake kalipa ngapi. Ndio uzuri wake."

Maneno yalipotoka nikayasikia, na sikuyapenda. Nakijwa hakuyatumia dhidi yangu, ingawa utani ulimpa ruhusa. Alikwenda dirishani, akautazama mlima.

"Jumapili kuna msaragambo Suji," akasema. Msaragambo ni kazi ya pamoja; Wapare wakiitana kwa pembe, hakuna anayebaki nyumbani. "Wanatengeneza barabara iliyokatwa na mvua. Nitapanda nikawaambie. Bei mpya, moja, kwa wote, na sababu zake."

"Watakutafuna."

"Basi twende wote. Wakianza na Mchaga watashiba kabla hawajanifikia."

*

Tulipanda na Digidigi ya majaribio, tumebeba saruji ya kalavati kama mchango wetu, na betri ilikuwa imebaki robo tulipofika. Watu walikuwa wengi barabarani, majembe yanapanda na kushuka. Hatukupewa nafasi ya kusema. Tulipewa majembe. Nakijwa alilima kama aliyezaliwa pale, na alizaliwa pale. Mimi nililima kama mhasibu, na kina mama wa Suji walipata burudani ya bure.

Kazi ilipokwisha tukaketi kwenye ukingo wa ndiva. Ndiva ni bwawa la Wapare la kukingia maji ya mfereji: usiku linafungwa na kujaa polepole, asubuhi linafunguliwa, maji yanakwenda mashambani kwa zamu. Nakijwa akasimama. Hakupamba. Alisema gari sasa linagharimu milioni kumi na nusu kulitengeneza, kwamba ukuta unasema tisa, na kwamba amekuja kuomba.

Mzee Mchome ndiye aliyenyanyuka kwanza. Alikuwa mkulima wa tangawizi, mrefu, mwenye kofia ya sufu. Alinunua moja ya Digidigi za mwanzo, na sasa alikuwa ametoa kianzio cha nyingine kwa ajili ya binti yake.

"Kauli ni kauli," akasema. "Uliandika ukutani, kwa mkono wako. Mimi sikuandika. Ng'ombe wangu watatu wako tayari kwenda mahakamani."

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Kesi ikiisha ng'ombe watabaki wangapi?"

"Marahaba. Hatabaki hata mmoja. Lakini nitakuwa nimeshinda."

Watu wakacheka, ila hasira haikuondoka. Mmoja aliuliza kama na sisi sasa tumekuwa watu wa bei ya uso. Hapo nikasimama mimi, maana ile mashine niliikodi mimi. Nikawaambia kuhusu jaribio la Ijumaa. Nikawaambia kwamba mashine ilidhani wamekubali, kumbe walikuwa wanasali. Kelele ilikuwa kubwa. Ilipotulia nikawaambia na la pili, kwamba iliporekebishwa ilichagua wale wenye shida kuliko wote. Sikutaja jina. Lakini mwanamke mmoja mwenye koti la bluu, aliyekuwa ameketi na mkoba wa kazi magotini, alinitazama kwa muda mrefu, nikajua ndiye.

"Mimi ningelipa," akasema Namsifu Kateri. "Nisingesema neno. Iliniona vizuri." Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza. "Na ninyi, nani kawapandishia?"

Nakijwa akaeleza juu ya tanuri na mita.

"Kumbe mlifanyiwa," akasema Namsifu, "mkataka kutufanyia."

"Ndiyo," akasema Nakijwa.

Watu wakaanza kutikisa vichwa, kwa huruma kuliko hasira. Mzee Mchome hakuipenda huruma ile, aliona kesi yake inamponyoka. "Na gari lenyewe lina kasoro," akaanza upya. "Nikishuka Makanya na tangawizi, boneti inachemka. Mke wangu anaweka mahindi mabichi pale juu tukitoka hapa, tukifika chini yameiva. Hilo nalo nitaliweka kwenye mashtaka."

Wote wakacheka. Akaongeza jirani yake kwamba yeye huchemsha mayai. Nakijwa peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama wima, mdomo wazi kidogo, na mimi niliyekaa naye miaka sita nilijua sura ile. Ni sura yake ya kuona hesabu.

"Mnashuka na mzigo," akasema polepole, "mnapanda watupu."

"Tupande na tangawizi kumpelekea nani?" akauliza Mchome.

Nitaeleza kama alivyonieleza baadaye, kwa vile mimi nilihitaji mara mbili. Digidigi linaposhuka mlima, mota yake hugeuka kuwa jenereta. Uzito wa mzigo ndio unaoizungusha, na umeme unarudi kwenye betri. Lenye tani moja ya tangawizi hurudisha umeme mwingi kuliko litakaohitaji kupanda tena likiwa tupu. Betri hujaa kabla ya kufika chini. Unaozidi lazima uende mahali, la sivyo gari halishikiki, kwa hiyo Nakijwa alikuwa ameweka koili chini ya boneti ya kuuchoma uwe joto. Aliiweka kama tahadhari, akidhani ni jambo la mara mojamoja. Hakujua kwamba kila siku ya soko msafara mzima wa magari yake unateremka umejaa, unachoma mahindi.

"Mlima unatoa umeme," akasema. "Tunaumwaga getini kwangu, mbele ya tanuri langu, halafu nanunua mwingine kwa mtu anayeninyonga."

Namsifu akaangalia maji yaliyokuwa miguuni petu. "Huo umeme hauna ndiva?" akauliza.

*

Yaliyofuata sikuwahi kuyaona tangu utoto wangu. Watu walipatana bei, hadharani, kwa sauti, kila mmoja akimsikia mwenzake.

Nakijwa alisema kiwandani kuna betri nyingi zilizokataliwa, dhaifu kwa gari lakini nzima kwa kukaa mahali pamoja na kujaa. Zikiunganishwa getini, kila Digidigi inayoshuka itamimina ziada yake pale, ibaki na umeme wa kupandia tu, ili safari ijayo betri isijae njiani. Mzee Mchome akataka kujua kwa nini umeme wake aumimine bure. Nikasema hautakuwa bure. Utalipwa, bei moja kwa kila anayeleta, nayo itaandikwa ukutani.

"Nalipwa kwa kuteremka?" akauliza.

"Unalipwa kwa kuteremka, mzee."

Akakaa. Nilimwona akihesabu safari zake kwa vidole, na wale ng'ombe watatu wakawa wamepona.

Nikapiga hesabu juu ya mfuko mtupu wa saruji. Sikuwadanganya: ndiva ya umeme haikutosha kulisha tanuri zima. Haba na haba hujaza kibaba, lakini tanuri letu lilikula kwa pishi. Ingelisha karibu nusu. Bado bei ingepanda. Nikasema milioni kumi.

"Tisa na robo," akasema mtu wa nyuma.

"Kwa tisa na robo nafunga Pasaka."

"Tisa na nusu," akasema Namsifu, "na kwa kila mtu. Wa mlimani na wa bondeni, mwenye haraka na asiye na haraka."

Nikatazama mfuko wa saruji. Kwa tisa na nusu tungeishi, kama mita ingelegea. Na nilianza kuamini kwamba italegea, kwa sababu mita ilikuwa imejifunza kwamba hatuna pa kwenda, na sasa tungekuwa na pa kwenda. Lilikuwa tumaini zaidi kuliko hesabu. Sikuzoea kulipia kwa sarafu ile.

"Tisa na nusu," nikasema.

Si wote waliokubali. Wateja kama thelathini, wengi wa bondeni, walipopata habari walidai kianzio chao, tukawarudishia, na mmoja aliniandikia maneno ambayo hata mtani asingeyasema. Alikuwa na haki. Tulimwahidi tisa.

Jioni tuliposhuka tulibeba tangawizi ya Mzee Mchome, mahindi yakiwa juu ya boneti kwa heshima ya ugunduzi. Tulifika Makanya betri imejaa, na mahindi yalikuwa yameiva kweli. Nilikula matatu.

*

Wenye mtaji walisema tumerukwa na akili, wakatupa miezi sita. Kadirio niliirudisha. Kabla sijaizima niliipa ile bei ya tisa na nusu iipime, ikafikiri, ikasema kwa upole wake wa misibani, "Bei hii haipendekezwi." Nikaishukuru. Nilisikia ubaya kidogo kuizima, maana haikuwa na chuki na mtu.

Ndiva ya getini ilijengwa kwa msaragambo. Watu wa Suji walishuka na majembe, wa kiwandani wakatoka na nyaya. Siku ya kwanza ya soko magari yalipanga foleni toka getini mpaka barabara kuu, yakimimina. Mtu mmoja alilalamika kwamba sasa mahindi yake hayaivi. Nakijwa akapunguza nusu ya ulaji wa tanuri kutoka gridi, na tukakaa mbele ya mita, mimi na yeye, kama watu wanaosubiri mgonjwa afumbue macho.

Siku hiyo mita haikufanya kitu. Wala iliyofuata. Nilikuwa nimeanza kuandika barua za kuwaaga wafanyakazi, kichwani tu, siku bei iliposhuka. Kidogo. Kesho yake ikashuka tena. Ilikuwa inatubembeleza. Nakijwa alinikumbatia, nikalia, na sina utani wowote wa kuweka hapa.

Digidigi ya kwanza ya bei mpya ilikwenda kwa Namsifu. Alilipa tisa na nusu kama wengine, shamba lake la bondeni likabaki lake, na alipotoka getini hakupiga honi wala kutupungia mkono. Alikuwa na mgonjwa.

Ilibaki kurekebisha ukuta. Nakijwa alishika ngazi, akasema mwandiko wake ulishaharibu ukuta mara moja, sasa ni zamu ya Machame. Nikapanda na brashi. Nikafuta TISA, nikaandika TISA NA NUSU, na chini yake bei ya umeme wa ziada, na chini yake sababu za kupanda, fupi, kwa herufi ndogo. BEI MOJA KWA WOTE sikuigusa. Wasafiri walisimama kupiga picha kama zamani.

Niliposhuka, mikono ya bluu, njaa ilikuwa imenishika barabara. Tukavuka kwenda kwa Zaituni. Nikanyoosha uso kuielekea simu, kama nilivyozoea, ila simu haikuwepo. Zaituni alikuwa ameiweka kwenye mkoba. Kando ya karai ameegemeza kipande cha boksi, na juu ya boksi ameandika kwa mkaa: SAMBUSA MBILI 700.

"Kwa nani?" nikauliza.

"Hujasoma?" akasema. "Hapo hakuna jina la mtu."

Nikampa mia saba. Sijawahi kununua sambusa kwa bei ile maisha yangu yote, na nilizila pale pale nimesimama, zikiwa za moto.

Nakijwa alikuwa bado anasoma boksi. Alilisoma mara ya pili. "Zaituni," akasema, "jana nilinunua mia sita."

"Ndiyo, dada."

"Umepandisha bei."

"Nimepandisha," Zaituni akasema, akageuza sambusa kwenye mafuta. "Muulize mwenzako jana alilipa ngapi."

Nakijwa akanigeukia. Miaka sita tulikuwa tumekula sambusa pale bega kwa bega, na hakuwahi kuniuliza kwa dhati.

"Mia tisa," nikamwambia. "Kila siku."

Akatazama chini. Kisha akaingiza mkono mfukoni, taratibu, kwa uchungu ambao Mpare yeyote angeuelewa, akahesabu mia saba, akazilipa.

"Nitakata rufaa," akasema, na akauma sambusa.